RAM mpya, kioo cheusi: dhana potofu zinazoua kompyuta nzima

Dell OptiPlex 780, HP Compaq 8000 Elite na kompyuta nyingine za mezani za rika lao bado zinapiga kazi kwenye steshenari, maabara za shule na ofisi ndogo, kuanzia Kariakoo hadi katikati ya Nairobi. Nyingi ziliingia kama mtumba, zikiwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 2, na siku hizi GB 2 zinaelemewa na kurasa chache tu za intaneti. Mwenye mashine anajikamua, ananunua RAM, anaichomeka, anabonyeza pawa. Feni zinazunguka, kioo kinabaki cheusi. Hapo hukumu hutoka upesi: "RAM mbovu", au mbaya zaidi, "bodi imekufa", yaani ile sahani kuu ya saketi inayounganisha vipuri vyote.

Inaniuma kuona mashine nzima inauzwa kwa bei ya chuma chakavu wakati tatizo ni RAM isiyoendana na bodi. Dhana ninazozijibu hapa ndizo zinazoleta hasara hiyo.

"DDR3 ni DDR3. Ikiingia kwenye sloti, itafanya kazi."

Hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Pengo lile dogo kwenye meno ya RAM lina kazi kubwa: kuzuia vizazi vya RAM (DDR2, DDR3, DDR4) visichanganywe. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, lakini pengo liko mahali tofauti, na umeme wake ni tofauti pia: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2. Ukiona RAM inagoma kuingia, usiilazimishe, huenda umechukua kizazi kisicho chake. Lakini kuingia vizuri si uthibitisho kwamba bodi itaielewa.

Kwenye mashine za rika hili, zenye prosesa za Intel Core 2 Duo na Core 2 Quad, kidhibiti cha RAM hakimo ndani ya prosesa. Kimo kwenye chipu ya bodi, kwa mfano Intel G41 au Q45. Chipu hizo zinatambua chipu za RAM zenye ujazo wa hadi gigabiti 2 kila moja. Sasa piga hesabu: baiti moja ni biti nane, hivyo GB 4 ni gigabiti 32, kwa hiyo kipande cha GB 4 kinachokubalika kwenye bodi hizo kinatakiwa kiwe na chipu 16, nane kila upande. Vipande vya GB 4 vilivyotengenezwa baadaye vina chipu nane tu, kila moja gigabiti 4. Bado ni DDR3 na vinaingia bila shida, ila bodi ya zamani haijui kuvisoma. Inakataa kuwaka, au inaona nusu tu ya ujazo. Ukikipeleka kipande hichohicho kwenye mashine ya Core i ya kizazi cha pili, iliyotoka 2011, kinafanya kazi bila tatizo. Ndiyo maana muuzaji anakijaribu dukani kwake, kinawaka, na mteja anaambiwa bodi yake ndiyo yenye matatizo. Wote wawili wanasema walichokiona kwa macho, na mteja anarudi nyumbani akiamini kompyuta yake imekwisha.

Dawa iko kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya RAM. Isome kabla hujatoa pesa. Utakuta maandishi kama haya: 4GB 2Rx8 PC3-10600U. Hiyo 2Rx8, kwa RAM hizi za kawaida, ndiyo ya chipu 16. Ikiandikwa 1Rx8, ni ya chipu nane. Kama ni ya GB 4 na bodi yako ni ya G41 au Q45, iache. Kama karatasi imebanduka, hesabu chipu kwa macho, pande zote mbili.

Kisha tazama herufi inayofuata namba. U ndiyo ya kompyuta za kawaida. R ni ya seva, na RAM za seva huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu seva za zamani hubomolewa na vipuri vyake kutawanywa sokoni. DDR3 yenye R inaingia kwenye sloti ya kompyuta ya mezani bila kipingamizi, halafu mashine haiwaki. Vilevile kuna RAM za bei ya chini, hasa DDR2 za GB 4, zinazouzwa kwa maelezo kwamba ni za bodi za prosesa za AMD tu. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa. Ukiichomeka kwenye bodi ya Intel, utatazama kioo cheusi.

"Nina sloti nne, kwa hiyo naweka GB 8 nne, napata 32."

Idadi ya sloti haikuambii ukomo wa bodi. Bodi yenye chipu ya Intel G31 inaishia GB 4, G41 inaishia GB 8, na Q45, iliyomo kwenye OptiPlex 780, inaishia GB 16, maana yake GB 4 kwa kila sloti. Tafuta mwongozo wa modeli yako kwa jina lililoandikwa mbele ya kasha, na usome ukurasa wa kumbukumbu kabla ya kwenda dukani.

"Nimeweka GB 8, Windows inaonyesha 3 na ushee. Nimeibiwa."

Washa mashine, ingia kwenye BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows), uone bodi yenyewe inasemaje. Ikiwa BIOS inaona GB 8 zote, RAM yako ni nzima na muuzaji hana kosa. Tatizo ni Windows ya biti 32. Mfumo huo una anwani za GB 4 tu, na sehemu ya anwani hizo hugawiwa vifaa vingine, ikiwemo kadi ya picha. RAM iliyobaki ni kama nyumba zisizo na namba: zipo, ila barua hazifiki. Suluhisho ni kusimika mfumo wa biti 64, uwe Windows au Linux. Prosesa zote za Core 2 zinaukubali. Hifadhi mafaili yako pembeni kwanza, kwa sababu huwezi kutoka biti 32 kwenda 64 bila kusimika upya.

Matoleo nayo yana mipaka yake. Windows 7 Starter inaishia GB 2, na Home Basic ya biti 64 inaishia GB 8, hata bodi ikiwa na uwezo zaidi.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuingia msconfig (programu ya mipangilio ya kuwaka kwa Windows) na kuweka tiki kwenye kisanduku cha kiwango cha juu cha kumbukumbu, eti ili "kuifungua" RAM. Usifanye hivyo. Kisanduku kile kinaipunguzia Windows RAM kwa ajili ya majaribio. Hakiongezi hata megabaiti moja. Kama fundi aliyepita aliweka tiki, iondoe, uzime na kuwasha upya. Mara nyingine hapo ndipo GB zako zilipojificha.

"Kioo ni cheusi, basi bodi imekufa."

Bodi iliyokuwa inafanya kazi asubuhi ni nadra kufa kwa sababu umebadilisha RAM mchana, isipokuwa uliichomeka umeme ukiwa ndani. Na umeme huwa ndani hata ukizima kompyuta, maana pawa saplai huendelea kuipa bodi volti 5 za kusubiri. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha pawa na kukishikilia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM.

Toa RAM mpya zote, rudisha ile ya zamani peke yake. Ikiwaka, bodi ni hai, na mjadala wa bodi kufa umekwisha. Sasa weka mpya moja, peke yake, kwenye sloti ya kwanza. Kwenye HP Compaq za rika hili, sloti ya kwanza ni ile nyeusi iliyoandikwa XMM1. Ukiiacha tupu na kujaza nyingine, mashine inaweza kugoma ingawa RAM ni nzima.

Angalia pia namna ilivyokaa. Sloti za zamani ni ngumu, na kosa la kawaida ni upande mmoja kushuka huku mwingine umebaki juu kwa milimita moja tu. Bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio. Kama umelazimika kuvisukuma kwa mkono, RAM haijakaa.

Mashine nayo inazungumza. HP inayowasha taa nyekundu mara tano na kulia mara tano inakuambia tatizo ni RAM. OptiPlex ina taa nne zenye namba 1 hadi 4 mbele. Andika zipi zinawaka, kisha linganisha na mwongozo. Na ukiona ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, bonyeza F1 uendelee. Hiyo si hitilafu, bodi imegundua ulichokifanya.

"Isugue kwa ufutio."

Meno machafu ni tatizo la kweli, hasa pwani kwenye unyevu na chumvi. Lakini ufutio unakwangua dhahabu nyembamba iliyopakwa kwenye meno na kuacha vumbi lake ndani ya sloti. Tumia kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti safi, uache ikauke. Mara nyingi, kilichoponya ni ule mchomo wa pili, si ufutio.

"Lazima zote ziwe za kampuni moja na spidi moja."

Hapana. Zikichanganywa, zote hufuata ile ya polepole. DDR3 ya spidi 1333 kwenye OptiPlex 780 itatembea kwa 1066, basi. Kilicho na faida ni kuweka ujazo sawa kwa jozi, ili bodi isome njia mbili kwa pamoja.

"RAM ikiongezeka, kompyuta itakimbia."

Kabla ya kununua, fungua programu zako zote za kila siku na uangalie matumizi ya kumbukumbu kwenye Task Manager. Kama yako nusu na mashine bado inasuasua, hela yako ielekeze kwenye SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Diski ya kuzunguka (hard disk) ya miaka kumi na mitano ndiyo inayokuchelewesha.

"Imewaka, kwa hiyo RAM ni nzima."

Hapa nasisitiza kuliko penginepo. RAM yenye kasoro ndogo inaweza kuwasha Windows na kufanya kazi siku nzima, huku ikiharibu herufi moja hapa na namba moja pale. Dalili zake zinachanganya: kioo cha bluu chenye msimbo tofauti kila mara, faili la zip linalogoma kufunguka, usimikaji wa programu unaokwama njiani. Kwenye mashine inayotunza matokeo ya wanafunzi au hesabu za duka, hilo ni jambo zito.

Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, uiache ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja halikubaliki. Likitokea, pima kila RAM peke yake kwenye sloti ileile. Kosa likiifuata RAM, irudishe dukani ukiwa na picha ya kioo kwenye simu. Likibaki kwenye sloti hata ukibadilisha RAM, acha sloti hiyo tupu na utumie zilizobaki. Muda wa kurudisha kubalianeni na muuzaji kabla hujalipa, na uandikwe kwenye risiti.