Ujumbe wa shukrani baada ya usaili: ni nini, na je, uutume?

Ujumbe wa shukrani baada ya usaili ni barua fupi, siku hizi karibu kila mara barua pepe, ambayo mwombaji kazi humwandikia aliyemsaili, kwa kawaida ndani ya siku moja baada ya kutoka kwenye chumba cha usaili. Ndani yake huwa kuna mambo matatu: asante kwa muda mlionipa, jambo moja tulilozungumza ambalo nimelichukua kwa uzito, na bado naitaka kazi hii. Basi. Hauulizii majibu, hauelezi shida za nyumbani, haurudii CV.

Vijana wengi wanaomaliza vyuo wanakutana na ushauri wa kuutuma kwenye video za kutafuta kazi, na wengi huja na hofu ileile: nisipotuma, nimejikosesha? Jibu linategemea umeomba kazi wapi, kwa nani, na usaili wenyewe uliendeshwaje. Ushauri ambao ni sahihi kabisa mahali pamoja unaweza kukuweka pabaya mahali pengine.

Desturi hii ina kwao, nako ni Marekani. Mwombaji wa kazi za ofisini kule hufundishwa tangu chuo kwamba usaili haujaisha mpaka ameandika asante. Zamani ilikuwa kadi iliyoandikwa kwa mkono, ikatiwa kwenye bahasha na kupelekwa posta. Aprili 2019, Jessica Liebman, mmoja wa wahariri wa ngazi za juu wa kampuni ya habari ya Insider ya New York, aliandika makala akieleza kanuni yake ya kuajiri: asiyetuma ujumbe wa shukrani, usimwajiri. Hoja yake ilikuwa kwamba ujumbe huo unaonyesha mtu anaitaka kazi kweli, ana adabu, na ana bidii ya kuisaka anwani ya msaili hata kama hakupewa. Makala ile ilizua mjadala mkali mitandaoni. Waliompinga walisema kanuni hiyo inapima malezi badala ya uwezo. Mtoto ambaye wazazi wake wamefanya kazi za ofisini ameisikia desturi hiyo tangu utotoni; mtoto wa mhamiaji, au wa kwanza kusoma katika ukoo wake, hajawahi kuambiwa na mtu. Mimi niko na hao waliopinga, na nitaeleza kwa nini.

Kama unasoma haya ukiwa Marekani, na umesailiwa kazi ya ofisini, ya shule au ya hospitali, tuma. Kule ni adabu ya kawaida, hakuna atakayeona unajipendekeza. Kazi za maghala makubwa, ambako watu huajiriwa kwa makundi kupitia mfumo wa mtandaoni, hazina haja hiyo, maana hata mtu wa kumwandikia hayupo.

Sasa tuje nyumbani. Ile bidii ya kuisaka anwani ya msaili ambayo hukupewa, New York inakupandisha. Dar es Salaam au Dodoma inaweza kukuharibia kabisa.

Chukua ajira za serikali. Nafasi nyingi za utumishi wa umma Tanzania Bara hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007. Unaomba kupitia Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni, jina lako linatoka kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili, na tangazo lenyewe limenyooka: uje na kitambulisho, uje na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, hati za matokeo za muda hazitakubaliwa, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Unaanza na usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika. Kwa baadhi ya kada, yaani aina za kazi, unafuata wa vitendo, halafu mahojiano mbele ya jopo. Waliofaulu hupangiwa vituo vya kazi, na waliofaulu ila nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, wakingoja nafasi nyingine ya kada yao.

Katika mkondo wote huo hakuna mahali ambapo asante yako inaingia. Ukishatoka chumbani, alama zako zimeshaandikwa. Wajumbe wa jopo wengine wanaweza kuwa wametoka taasisi nyingine kabisa, na kesho wako kwenye shughuli zao. Shukrani ya mdomo inatosha: wakikuuliza kama una swali, uliza kama unalo, washukuru wote, beba bahasha yako ya vyeti, uondoke. Ukiona kimya cha wiki kadhaa baada ya hapo, hakikuletwa na barua ambayo hukuandika. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wakijilaumu bure kwa jambo ambalo halikuwahi kuwa kwenye hesabu.

Kenya hali haiko mbali, na kule wenyewe huandika wazi. Matangazo mengi ya kazi za umma hufungwa kwa onyo kwamba kushawishi kwa namna yoyote kutamwondoa mwombaji moja kwa moja. Kusema asante si kushawishi. Lakini ukiipeleka asante hiyo kwenye simu binafsi ya mjumbe wa jopo, namba ukiwa umeipata kwa binamu yako anayemfahamu dereva wake, nani ataiona tofauti?

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima kwetu. Watu wamezoea kuamini kwamba kazi haipatikani bila koneksheni, na msaili mwadilifu anajua fika kwamba anatazamwa kwa jicho hilo. Namba ngeni ikimwandikia saa tatu usiku, "Shikamoo mheshimiwa, ni yule kijana wa leo asubuhi," hasomi adabu. Anajiuliza: namba yangu kaitoa wapi, na anataka nini? Akiwa mwoga wa lawama, ataona heri akuache kabisa kuliko kuja kuulizwa kwa nini aliwasiliana na mwombaji pembeni.

Maneno nayo yana uzito wake. Kuna sentensi ambazo mwandishi huziandika kwa nia njema kabisa, lakini kwa masikio ya hapa zinasikika kama ahadi ya bahasha. "Sitakusahau bosi wangu." "Ukinisaidia kwenye hili, mimi si mtu wa kusahau." "Naomba unikumbuke katika ufalme wako." Huenda anayeandika anamaanisha shukrani tu. Anayesoma analazimika kuwaza kingine, maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 haingoji pesa itoke mfukoni. Hata kuahidi ni kosa. Ukitaka kushukuru, shukuru kwa kilichokwisha kufanyika: muda wao, maswali yao, maelezo waliyokupa kuhusu kazi. Shukrani ya kitu ambacho hakijafanyika ni ombi, na kila mtu anaisoma hivyo.

Ujumbe huu una nafasi yake kwenye kampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali, shule binafsi, hoteli, na hasa ofisi ndogo ambako aliyekusaili ndiye utakayeshinda naye kutwa nzima ukipata kazi. Huko anayeajiri anajiuliza, pamoja na mengine, kama mtaelewana. Ujumbe mfupi uliotulia unamsaidia kukukumbuka, hasa kama siku hiyo walisaili watu wengi na nyuso zimeanza kuchanganyikana.

Huna haja ya kusaka anwani ya mtu. Kuna afisa rasilimali watu aliyekuandikia barua pepe kukualika. Jibu palepale, kwenye barua ileile, na umwombe afikishe shukrani zako kwa wenzake. Kama uliitwa kwa simu tu, ujumbe wa mistari miwili kwenye namba iliyokupigia unatosha, tena mchana, saa za kazi. Anwani uliyopewa na ofisi ni halali yako kuitumia. Ile uliyoitafuta kwa mlango wa nyuma iache.

Hivi ndivyo ujumbe mzuri unavyoweza kusomeka, tuseme wa mtu aliyeomba nafasi ya mhasibu msaidizi kwenye kampuni yenye matawi mikoani:

"Habari za asubuhi. Nashukuru kwa muda mlionipa jana kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Mlipoeleza kwamba matawi ya mikoani bado yanatuma risiti kwa basi kila mwisho wa mwezi, nilikumbuka kazi niliyofanya nikiwa mafunzoni, ya kulinganisha hesabu za benki na risiti zilizochelewa kufika. Ningefurahi kulishughulikia jambo hilo pamoja nanyi. Naomba unifikishie shukrani zangu kwa jopo. Ikihitajika nyaraka yoyote ya ziada, nitaileta."

Angalia zile risiti za basi. Hilo ndilo linaloufanya ujumbe uwe wake, kwa sababu hakuna anayeweza kulinakili bila kuwa amekaa kwenye kiti kile na kusikiliza. Ukiondoa sentensi hiyo, kinachobaki ni maneno ambayo msaili ameshayaona yamepachikwa hivyohivyo na waombaji wengine, mengine yakiwa na jina la kampuni ambayo si yake. Nimekaa upande wa wasaili, na sijaona mtu aliyeshindwa maswali akaokolewa na asante. Niliowaona ni watu waliojibu vizuri, halafu wakatuma ujumbe mrefu wa kujieleza upya swali moja waliloona wamelikosea, na kuifanya kasoro ambayo sisi hatukuwa tumeitilia maanani ionekane kubwa.

Andika kwa lugha mliyosailiana. Kama usaili ulikuwa kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza chako mwenyewe, kisicho cha kukopi. Kama mlichanganya, Kiswahili safi hakitakushusha hadhi.

Dada zangu, kuna jambo moja hapa ambalo ushauri wa mitandaoni huliruka. Baadhi ya wanaume hugeuza adabu kuwa mlango. Ukishamwandikia, anahamia kwenye simu yake binafsi: "Umenifurahisha sana leo, tuonane Jumamosi tuongee vizuri habari za kazi." Huna deni naye. Asante yako ilihusu kazi, na iliishia pale. Akiendelea na kuifungamanisha ajira na mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha sheria ileile ya rushwa ya 2007 kinaitaja kuwa kosa. Usifute ujumbe wowote. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, wanapokea taarifa kwa namba ya bure 113.

Nilisema niko na waliompinga yule mhariri, na hili nawaambia waajiri wenzangu. Ukifanya asante iliyoandikwa kuwa kipimo, utakuwa unawachuja watu kwa kanuni ambayo hukuwaambia. Binti aliyesafiri kwa basi kutoka Kasulu, akalala kwa shangazi Mbagala, akaamka alfajiri kuwahi usaili wako Masaki, alisimama mwishoni na kusema "Nashukuruni sana, wazee wangu." Kwa malezi yake ameshashukuru, tena ana kwa ana, kama inavyopasa. Kumwandikia tena mtu mzima mwenye cheo, kabla hajajibiwa, anaweza kuona ni kumsumbua. Sasa unampa mwingine kazi kwa sababu alitazama video ambayo binti huyu hakuiona? Kama kweli unataka kuona uandishi wake, mpe zoezi la kuandika. Kama unataka adabu, anza wewe: wajulishe wote matokeo, na waliokosa pia. Watu wanakaa miezi wakishika simu kwa matumaini kwa sababu ofisi iliona taabu kuandika mistari miwili.

Na ofisi ikikuandikia hiyo mistari miwili ya kukukatalia, hapo ndipo ninapoona asante ina faida kuliko popote, na karibu hakuna anayeituma. Mtu anasoma "tunasikitika kukujulisha," anaifunga barua, hataki kuiona tena. Inaeleweka, inauma. Lakini aliyechaguliwa anaweza kupata ofa nzuri zaidi kwingine, au akaondoka kabla kipindi cha majaribio hakijaisha, na afisa rasilimali watu akarudi kwenye orodha kutafuta jina la pili. Kumpigia mtu aliyepokea kukataliwa kwa utulivu ni rahisi zaidi kuliko kumpigia aliyenyamaza, ambaye hujui kama bado anaitaka kazi. Unaweza kuandika hivi: "Nashukuru kwa kunijulisha, na kwa nafasi ya kusailiwa. Ikitokea nafasi nyingine inayolingana na ujuzi wangu, nitafurahi kuitwa tena." Itume siku hiyohiyo au kesho yake, mara moja tu, kisha endelea na maombi mengine.