Torpedo Iliyokaa Majini Miaka 140 Haijafa: Ufafanuzi kwa Wazamiaji Walioko Uingereza

Kila msimu wa kuzamia unapoanza, dawati letu la makumbusho hupokea swali lilelile: kichwa cha torpedo (sehemu ya mbele yenye kilipuzi) cha zama za mvuke, kilichoozea baharini, si kimeshakufa? Hakijafa. Tunajua wanaouliza wana nia njema, lakini jibu linaanzia kwenye mashua zilizobeba torpedo, nazo pia hueleweka vibaya.

Mashua za kwanza hazikufyatua chochote. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, torpedo ilikuwa kopo la baruti kwenye ncha ya mti mrefu uliotokeza mbele ya omo, na mashua ilipaswa kuisogelea manowari mpaka ncha hiyo iguse ubavu chini ya maji. Usiku wa 5 Oktoba 1863, mbele ya Charleston, CSS David, mashua ya majimbo ya Kusini, iliigonga hivyo New Ironsides, manowari ya Kaskazini. Mlipuko ukarusha maji juu, yakashukia ndani ya dohani, moto wa boila ukazimika. Manowari iliumia bila kuzama; mashua ikaelea bila nguvu hadi fundi alipouwasha moto upya.

Usiku wa kuamkia 28 Oktoba 1864, Luteni William Cushing wa Kaskazini aliizamisha Albemarle, manowari ya Kusini, kwenye mto Roanoke. Hapa utaratibu ndio kila kitu. Kamba moja ilishusha mti chini ya meli. Nyingine iliachilia torpedo ielee hadi chini ya mkuku. Ya mwisho ilichomoa pini ili tufe la chuma lidondokee fataki. Ukiivuta hii kabla ya wakati, umelipua maji matupu. Na Cushing alizishika kamba hizo huku akipigwa risasi.

Torpedo inayojiendesha, kwa hewa iliyoshindiliwa, ni kazi ya Robert Whitehead huko Fiume (leo Rijeka, Kroatia), 1866. HMS Lightning, mashua ya torpedo ya Uingereza iliyoundwa na Thornycroft huko Chiswick mwaka 1876, ilikuwa na urefu wa mita 26 hivi na ilikimbia maili 18 za baharini kwa saa. Mwaka 1879 ikawekewa bomba la kufyatulia kwenye omo. Katika mashua za aina hii, feni ilisukuma hewa ndani ya chumba cha boila kilichofungwa ili moto uwake kwa nguvu. Ndiyo maana usiku ndimi za moto zilitoka kwenye dohani na kumjulisha adui, na mrija ukipasuka wachochea moto hawakuwa na pa kukimbilia. Januari 1878, huko Batumi, mashua za Mrusi Stepan Makarov ziliizamisha meli Intibah ya Waturuki kwa torpedo za Whitehead.

Sasa kichwa. Kilijazwa baruti ya pamba (pamba iliyogeuzwa kilipuzi kwa asidi) iliyoloweshwa, ambayo ikiwa na maji ni tulivu, na ili ilipuke ilihitaji kichocheo cha baruti hiyohiyo ikiwa kavu. Anayekipeleka gereji kikauke anaondoa kinga pekee iliyokuwepo. Tumeeleza hili mara nyingi mno.

Ukikiona, usikiguse wala usikifunge kamba. Andika mahali na kina, toka majini, piga 999 uombe walinzi wa pwani.

Vitu vingine vya mabaki, hata mpini wa vali ya shaba, ukivitoa lazima uviripoti kwa Mpokeaji wa Mabaki ya Meli (Receiver of Wreck), afisa wa serikali, ndani ya siku 28, chini ya Sheria ya Meli za Biashara ya 1995. Asiyeripoti hutozwa faini hadi pauni 2,500, hupoteza haki ya malipo ya uokoaji, na anaweza kudaiwa mara mbili ya thamani ya kitu.