Je, kumwogesha tembo ni kumsaidia?

Wengi wanaolipa kwenda kujitolea Thailand huamini kwamba kituo kikijiita makazi ya tembo, na wageni wakiruhusiwa kuwaogesha, basi wanyama hao wametulia na kazi hiyo inawafaa. Imani hiyo inatokana na huruma.

Lakini tembo hahitaji kuogeshwa. Huingia majini mwenyewe, kisha hujimwagia vumbi mgongoni kwa mkonga, na vumbi hilo humkinga na jua na wadudu. Anayesimama tuli akisuguliwa na kundi baada ya kundi amefunzwa kutii, mara nyingi tangu utotoni, kwa minyororo na ndoano ya chuma. Thailand ilipopiga marufuku ukataji wa magogo misituni mwaka 1989, tembo wengi waliokuwa wakiyavuta waliishia kwenye utalii. Kuwalisha ni ghali, kwa hiyo fedha za wageni bado zinahitajika.

Kabla ya kulipa, uliza: tembo akichoka na watu, anaweza kuondoka? Ndama wanatoka wapi? Angalia picha zilizopigwa na wageni, si za tangazo. Tazama miguuni kama kuna makovu ya mnyororo, na mtunzaji ameshika nini mkononi. Kujitolea kwenye manufaa aghalabu ni kukata majani, kuzoa kinyesi na kuwatazama kwa mbali.