Kasowari ni ndege gani hasa?

Kasowari ni ndege mkubwa asiyeruka anayeishi ndani ya misitu minene ya mvua, sio kwenye nyika wazi kama mbuni wetu, na hapo ndo wengi wanapochanganya. Kwao ni kisiwa cha Guinea Mpya na visiwa vya jirani kama Aru, plus kona ya kaskazini mashariki ya Australia kwenye jimbo la Queensland, basi, kwingine kote ukimkuta ujue kafugwa. Wapo aina tatu, wa kusini, wa kaskazini na yule mdogo wa milimani. Hapa nitamzungumzia zaidi wa kusini.

Akisimama anafika mita moja na nusu, wengine wanazidi. Jike ndo mkubwa, anapita kilo 60 bila shida wakati dume mara nyingi yuko 30 hadi 40, na jike ndo mwenye rangi kali zaidi pia. Mwili wote manyoya meusi ambayo kwa mbali utasema ni nywele, shingo ya bluu, vinyama viwili vyekundu vinaning'inia kooni, alafu kichwani ana kofia ngumu. Hiyo kofia watu wamebishana miaka na miaka kazi yake nini, ila mwaka 2019 watafiti wa Australia walipima joto lake kwa kamera maalum wakakuta kukiwa na joto inatoa joto la mwili nje, kukiwa na baridi inalibana. Kwa mnyama mweusi mwenye mwili mkubwa vile mimi naona inaingia akilini kabisa.

Sasa kwanini haruki? Ukila kidari cha kuku kuna ule mfupa uliosimama katikati, pale ndo panaposhikilia misuli ya mabawa, kasowari hana, mfupa wake ni bapa tu. Mabawa yenyewe yamebaki madogo yenye vijiti vichache vilivyo wazi. Yuko kundi moja na mbuni, rea wa Amerika Kusini, kiwi wa Nyuzilandi, emu wa Australia ambaye ndo ndugu yake wa karibu kabisa, na ndege tembo wa Madagaska ambaye ameshatoweka. Na hapa pana kitu kinanivutia sana, vipimo vya DNA vya mwaka 2014 vilionyesha kiwi ana undugu wa karibu na yule wa Madagaska kuliko na emu au kasowari walio jirani zake, yani inaelekea mababu zao walikuwa wanaruka, wakavuka bahari, alafu kila ukoo ukaja kuacha kuruka kivyake.

Ila kama unataka kumwelewa kasowari angalia anachokula. Ni matunda, matunda yaliyoanguka chini, na anayameza mazima mazima na kokwa lake. Utumbo wake ni mfupi kwahiyo kokwa halisagwi, linatoka kwenye kinyesi likiwa zima, mbali na mti mama na likiwa na mbolea yake tayari. Kuna mti mmoja wa Queensland unaitwa Ryparosa, mbegu zake zisizopita tumboni mwa kasowari ziliota asilimia 4 tu, zilizopita zikaota asilimia 92! Huku Afrika kazi ya kubeba kokwa kubwa wanafanya tembo, kama wale wa misitu ya Congo, lakini kule hakuna tembo wala nyani, kwa matunda makubwa kabisa ni yeye tu karibu peke yake. Ukimmaliza kasowari kuna miti itabaki inadondosha matunda yanaozea palepale chini.

Kulea ni kazi ya baba. Jike anataga mayai ya kijani, mara nyingi matatu hadi matano, alafu anaondoka zake anaweza kutafuta dume jingine, huku baba anaatamia siku kama 50 akila kidogo sana na baada ya hapo anatembea na vifaranga miezi kama tisa.

Kuhusu zile klipu za mtandaoni zinazomwita kasowari "ndege hatari kuliko wote duniani", ni kweli ukucha wake wa kidole cha ndani unafika sentimita 12 na teke lake linaua, kijana mmoja alikufa Queensland mwaka 1926 na mzee mmoja Florida mwaka 2019, wa huyu mzee alikuwa wa kufugwa. Ila utafiti uliopitia matukio 150 ya kushambulia watu kule Queensland ulikuta robo tatu yalitoka kwa kasowari waliokuwa wanalishwa na watu. Ukimzoesha ndizi anakuja kuidai, na akizoea kufuata nyumba na barabara anagongwa na magari, ambayo ni moja ya sababu kubwa za vifo vyao kule. Kwahiyo usimlishe hata kidogo, na ukikutana naye njiani usikimbie mana yeye anafika kilomita 50 kwa saa, rudi nyuma taratibu ukimtazama, weka begi au mti katikati yenu mpaka aondoke.