Ethnobotania ni nini?

Ukiwaambia watu wa nyumbani kwamba unasoma ethnobotania, chai haijapoa shangazi atakuwa ameshakuuliza dawa ya presha. Usimlaumu. Wengi hudhani ni uganga wa mitishamba uliopewa cheti cha chuo kikuu. Sivyo. Ethnobotania ni taaluma inayochunguza jinsi jamii inavyoijua mimea yake, inavyoiita na inavyoitumia: kwa dawa, ndiyo, lakini pia kwa chakula, kujengea, kutia rangi, kufanyia matambiko. Neno lilitungwa mwaka 1895 na Mmarekani John Harshberger. Ujuzi wenyewe ni wa zamani kuliko neno.

Kazi huanza na jina, na hapo ndipo penye miiba. Chukua ule mmea mchungu wanaochemshiwa wenye homa: nchini Uganda, Baganda huuita mululuza, Banyankole mubirizi, na kwa jina la kisayansi ni Vernonia amygdalina. Hutokea pia kinyume chake: jina moja, vijiji viwili, mimea miwili tofauti. Hapo atakayeumia ni mgonjwa. Ndiyo maana mtafiti hatosheki na daftari. Huomba apelekwe mmea ulipo, akate kitawi chenye majani na, akibahatika, maua au matunda. Hukilaza kati ya magazeti, akakibana kwa mbao, akawa anabadilisha magazeti kila yanapolowa mpaka kitawi kikauke. Kisha hukiandikia: jina la kienyeji na lugha yake, mahali, tarehe, sehemu inayotumika, namna ya kuitayarisha. Kitawi huhifadhiwa kwenye hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere, ili hata baada ya miaka 50 mtu aweze kuhakiki ni mmea gani hasa uliozungumzwa. Bila kitawi, maelezo ya mzee, hata yawe matamu vipi, hayana pa kushikia.

Sasa jaribu kuibana mumbwa kati ya magazeti. Masokoni Kampala utaiona: udongo uliochanganywa na mimea iliyopondwa, ukafinyangwa na kukaushwa. Mjamzito huisugua, akakoroga unga wake na maji, akanywa. Ndani yake mna mimea kadhaa, na kwa macho huwezi kuitenganisha. Anayeiuza si lazima awe ndiye aliyeifinyanga. Itabidi umfuate mfinyanzi mwenyewe, umwombe ruhusa kwa heshima maana huo mchanganyiko ndio unaomlisha, halafu ukusanye kila mmea kabla haujaingia kinuni. Siku nzima inaweza kuishia hapo.

Je, mumbwa inasaidia? Ethnobotania haijibu. Yenyewe huandika nani anatumia nini, kwa ajili gani, na alijifunza kwa nani. Kama dawa inaponya, kwa kipimo gani, na ina sumu kiasi gani, hayo huulizwa maabara. Serikali ina taasisi yake ya utafiti wa dawa za asili pale Wandegeya, mjini Kampala. Tangu 2019 Uganda ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, lakini sheria haigeuzi orodha ya mimea kuwa dawa iliyothibitishwa. Shangazi aendelee na vidonge vyake.

Mfano ninaoupenda mimi hauhusu ugonjwa wowote. Ni mutuba, mti unaowapa Baganda nguo ya gome, ambayo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Fundi hubandua gome msimu wa mvua, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya huota. Mwakani atarudi kwenye mti uleule. Linganisha na entasesa, yaani Prunus africana, ambao gome lake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume. Tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, kwa kuwa wavunaji wengi walikuwa wakiuvua mti gome pande zote. Entasesa ikivuliwa hivyo, mara nyingi hufa ikiwa imesimama.