Je, Maziwa Hupunguza Makali ya Kahawa?

Kwenye vijiwe vya Mwanza, muuza kahawa hupita na birika lake, vikombe vidogo na kashata, na kahawa yenyewe ni chungu, basi. Anayetaka ya maziwa anakoroga kwake. Huyo ndiye utakayemsikia akisema, "Ile kali siiwezi, nitakesha." Nami nilikuwa wa kundi hilo. Nilikunywa kahawa ya maziwa saa tatu usiku kwa miaka, nikagaagaa kitandani hadi adhana ya alfajiri, na lawama zote nikawatupia mbu.

Kosa langu lilikuwa kudhani uchungu na kafeini, ile kemikali ya kahawa inayofukuza usingizi, ni kitu kimoja. Kafeini ni chungu, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya uchungu wa kikombe huzaliwa buni inapokaangwa, wala haitokani na kafeini. Ndiyo maana hata kahawa iliyoondolewa kafeini bado inakunja uso. Maziwa yanatuliza ulimi tu. Kijiko kilekile cha kahawa, ukikitia kwenye maji au kwenye maziwa, kina kafeini ileile. Imani hii inadumu, nadhani, kwa sababu wapenda maziwa wengi hutia kahawa kidogo zaidi, kisha sifa wanayapa maziwa. Nasi wa kando ya ziwa tuna la ziada: robusta, aina ya kahawa inayolimwa Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya aina nyingine, arabika. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huchukua takriban saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe changu cha saa tatu kilikuwa bado nusu nzima saa nane usiku. Mbu hawakuwa na hatia.

Uchungu sasa unakwenda wapi? Maziwa yana protini iitwayo kaseini. Ichukulie kama wavu wa dagaa usiku wa giza. Dagaa ni polifenoli, kemikali za kahawa zinazochangia ukakasi na ambazo pia husifiwa kwa afya. Zikinaswa wavuni, ulimi hauzipati sawasawa. Wengine wakahitimisha kwamba basi maziwa yanaharibu faida ya kahawa. Lakini dagaa aliye wavuni hajapotea: tumboni, asidi na vimeng'enya huukata wavu uzi kwa uzi, na wengi wao huachiwa.

Kuna hata dalili ya kinyume. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walichapisha jaribio ambamo polifenoli zilizoungana na sisteini, mojawapo ya vipande vinavyojenga protini, zilipunguza uvimbe kwenye seli za kinga maradufu kuliko zikiwa peke yake. Inasisimua, ila zile zilikuwa seli za maabara, si mnywaji wa Kirumba hapa Mwanza. Vipimo kwa watu wenyewe ni vichache na majibu yake yanapishana.

Tumbo likiunguruma baada ya kikombe, huenda tatizo ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo watu wazima wengi hawaimeng'enyi vizuri. Mgando huwasumbua kidogo zaidi, maana bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Ila mgando kwenye kahawa, hata Usukumani, sijamwona aliyethubutu.