Buckner Hakuinyima Boston Ubingwa

Jumamosi iliyopita mtoto wa miaka 10 katika timu yangu ya besiboli alikuwa akilinda besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji. Mpira ukaja ukitambaa chini, wala haukuwa na kasi, ukampita katikati ya miguu. Kabla hajageuka kuufuata, mzee mmoja nyuma ya uzio akapaza sauti: "Ah, Buckner huyo!" Watu wazima wakacheka. Mtoto hakujua Buckner ni nani, ila alijua kwamba anachekwa. Iningi mbili zilizofuata (iningi ni raundi ambayo kila timu hupata zamu ya kupiga), kila mpira ulipopigwa upande wake, alirudi nyuma hatua mbili.

Nimefundisha watoto besiboli hapa Massachusetts kwa zaidi ya miaka 20, wengi wao wa familia zetu za Kenya, Tanzania na Kongo, na neno hilo nimelisikia mpaka limenikinaisha. Mimi nilitoka Mombasa mwaka 1984 kuja kusoma Boston, nikaipenda Red Sox, timu ya besiboli ya mji huo, hata kabla sijaizoea baridi. Usiku wa 25 Oktoba 1986 nilikuwa nimeketi sakafuni mbele ya televisheni na wanafunzi wenzangu. Nilichokiona sicho kinachosimuliwa.

Wanasema Bill Buckner, mlinzi wa besi ya kwanza wa Red Sox, kwa kuukosa mpira mmoja aliipotezea Boston ubingwa wa 1986. Si kweli, na anayebisha namwomba tuhesabu pamoja.

Red Sox walikuwa wakiongoza fainali kwa michezo 3 kwa 2 dhidi ya New York Mets; anayefikisha ushindi wa michezo 4 ndiye bingwa. Mchezo wa sita, uwanja wa Shea, ulikuwa 3-3 baada ya iningi 9. Nusu ya kwanza ya iningi ya 10, Dave Henderson wa Boston akapiga homurani, pigo linalovuka uzio, kisha Marty Barrett akaongeza pointi nyingine kwa hiti yake (pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi salama): 5-3. Zamu ya Mets, ambayo huisha kwa auti tatu, yaani wapigaji watatu kutolewa. Wally Backman auti. Keith Hernandez auti. Ikabaki auti moja tu, na ubao wa uwanjani ukawamulikia Red Sox pongezi kabla ya wakati. Pale chumbani kwetu mwenzetu mmoja alikuwa ameshasimama kwenda kumpigia baba yake simu.

Gary Carter akapiga hiti. Kevin Mitchell akapiga hiti. Ray Knight akafikia straiki mbili (ya tatu ni auti) bila boli, yaani mrusho mbovu, hata moja, yaani mrusho mmoja tu mzuri na mambo yamekwisha, naye akapiga hiti. Carter akaingia nyumbani, besi ya mwisho inayoleta pointi, 5-4. Hiti zote tatu alipigwa mrushaji wa Boston, Calvin Schiraldi, na hakuna hata moja iliyopita karibu na Buckner. Akaingizwa Bob Stanley kurusha, Mookie Wilson akiwa na gongo. Mrusho mmoja ukaenda ndani mno, upande wa mpigaji, Wilson akajirusha kuukwepa, mdakaji Rich Gedman akaukosa, ukabingirika hadi nyuma. Mitchell akatoka besi ya tatu akafunga.

Tano kwa tano. Hapo ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Uongozi wa Boston ulikuwa umeshapotea, na mpira ulikuwa bado haujafika kwa Buckner. Ndipo mrusho wa kumi kwa Wilson ukazaa ule mpira wa chini unaojulikana na kila mtu, ukapita kati ya miguu, Knight akakimbia kutoka besi ya pili, 6-5. Buckner angeudaka, mchezo ungebaki sare. Tena huenda hata auti isingepatikana, maana Wilson alikuwa na mbio sana na Buckner alikuwa amesimama mbali na besi.

Alisimama pale kwa uamuzi wa nani? Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vibovu tangu alipoumia miaka ya 1970, na alikuwa akivaa viatu virefu ili aweze kusimama. Kocha John McNamara alikuwa na desturi ya kumwingiza Dave Stapleton mahali pake mwishoni mwa mchezo timu ikiwa inaongoza. Usiku ule Stapleton alibaki benchi. Mimi simlaumu hata McNamara peke yake, lakini anayetafuta mtu wa kumbebesha mzigo aanze mbali na besi ya kwanza.

Na linaloniudhi kuliko yote: fainali haikwisha usiku ule! Kulikuwa na mchezo wa saba, tarehe 27, baada ya mvua kuuahirisha kwa siku moja. Boston waliongoza 3-0. Wakapoteza 8-5. Iningi ya 8 timu ikiwa nyuma 6-3, aliyefungua njia kwa hiti ni huyo huyo Buckner, na mwenzake Dwight Evans akamrudisha nyumbani. Naulizia mchezo wa saba kwa watu wanaojiita mashabiki wa kale, nao hunitazama kana kwamba nimeutunga. Televisheni imeurudia ule mpira mmoja kwa miaka 40. Mrusho uliomkwepa Gedman hairudii.

Mtu huyu alicheza misimu 22, akapiga hiti 2,715, akawa bingwa wa wapigaji wa National League mwaka 1980 akiwa na Chicago Cubs. Siku Hank Aaron alipopiga homurani yake ya 715, tarehe 8 Aprili 1974, mchezaji wa Dodgers aliyeukwea ukuta wa kushoto akijaribu kuufikia mpira alikuwa Buckner. Miaka 34 baadaye, tarehe ile ile, 8 Aprili 2008, nilikuwa viti vya juu Fenway Park, uwanja wa Red Sox, alipoitwa kurusha mpira wa ufunguzi. Alitembea kutoka chini ya ukuta wa kijani, akafuta machozi kwa vidole, akamrushia Dwight Evans. Watu walisimama muda mrefu, na mimi koo liliniuma kwa kupiga kelele. Alifariki mwaka 2019.

Kwa wazazi, badala ya kelele za uzioni, nawapa kazi ya kufanya nyumbani. Glavu ianzie chini. Mtoto akiiweka magotini na kungoja mpira uamue, atachelewa, kwa sababu mkono hupanda upesi kuliko unavyoshuka. Mimi huwaambia waguse udongo kwa ncha za glavu kabla mpira haujafika, makalio yashuke, macho yausindikize mpira mpaka uingie. Mazoezi yakiisha napita nikikagua glavu zao. Isiyo na vumbi kwenye ncha, mwenyewe anabaki na mimi kwa mipira 20 zaidi.

Mengine nayasikia pia, nayo hayahitaji maneno mengi. Babe Ruth hakuwa mtu mnene wa kupiga homurani tu. Mwaka 1916 alishinda michezo 23 akiwa mrushaji wa Boston, na katika fainali za 1916 na 1918 alirusha iningi 29 na theluthi mbili mfululizo bila kufungwa pointi. Abner Doubleday, anayesemwa kuwa mwanzilishi, naye hakuuvumbua mchezo huu Cooperstown mwaka 1839. Mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa jeshi West Point. Na homurani 61 za Roger Maris za mwaka 1961 hazikuwahi kuwekewa nyota, alama ya kuzitia shaka, kwenye rekodi rasmi, ingawa kwa miaka mingi ziliandikwa kando na zile 60 za Ruth. Hilo lilitosha kumdhulumu, nyota haikuhitajika.

Kuhusu Jackie Robinson natulia kidogo, kwa kuwa wanaokosea hukosea kwa mapenzi. Alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947 hakuwa mtu mweusi wa kwanza katika Ligi Kuu. Moses Fleetwood Walker alidaka mipira ya Toledo mwaka 1884. Kisha mlango ukafungwa kwa makubaliano ya wenye timu, yasiyoandikwa popote. Robinson aliuvunja mlango ambao watu waliufunga kwa makusudi, na ukimwita wa kwanza unawasahaulisha watu kwamba kuna waliofunga.

La mwisho ni la wazazi wetu wenyewe: "Kocha, huu mchezo si wa Waafrika." Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakawafunga vijana wa Gresham, Oregon 3-2. Na tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia kwenye jengo la klabu ya besiboli alikofanya kazi mama yake, aliingia uwanjani na Pittsburgh Pirates. Aliyekuwa akimrushia ni Jon Lester, aliyetoka kutwaa ubingwa na Cubs msimu uliotangulia. Ilikuwa zamu yake ya kwanza ya kupiga katika Ligi Kuu. Akapiga hiti, katikati kabisa ya uwanja.